Kaunti ya Wasiokunywa

Kwa mujibu wa kishikwambi cha Akidor, Kakuma nzima haikuwa na mtu hata mmoja anayekunywa pombe. Wazee hawanywi, vijana hawanywi, na akina mama wanaoipika wanampikia nani, hilo kishikwambi hakikuuliza. Haya yote Akidor aliyasoma akiwa amesimama nje ya boma la mama pima, mpika pombe wa mtaa, harufu ya busaa imemjaa puani, na chini ya mti wa mathenge wanaume wawili wamelala chali midomo wazi, nzi wakiingia na kutoka kama wenye nyumba.

"Anasema anauza uji," Jerotich alimwambia akitoka bomani.

Jerotich alikuwa karani wake, msichana wa Kikalenjini aliyezaliwa Lodwar wakati baba yake akifundisha shule huko, na Kiturkana chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya madiwani.

"Uji," Akidor akasema.

"Uji, madam. Ameapa."

"Na hao pale wamelala kwa kushiba uji?"

Jerotich alishika kishikwambi chake kifuani kama mwanafunzi aliyefeli mtihani, na Akidor akamwonea huruma, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kabla hajamwambia hivyo, karani wake wa pili, Serge, akatokea upande wa kambi ya wakimbizi akijifuta jasho. Serge alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, aliyeajiriwa kwa ajili ya nyumba za kambini, na alikuwa amechoka hadi anacheka.

"Madamu, bote banasema habakunywaka," alisema. "Hata ule mwenye alianguka juu ya miguu yangu."

Ulikuwa utafiti wa kitaifa. Kila baada ya miaka kadhaa ofisi moja ya Nairobi hutuma makarani nchi nzima kuuliza nani anakunywa nini, nani anavuta nini, alianza lini na amejaribu kuacha mara ngapi, ili serikali ijue uraibu unapanda wapi na unashuka wapi. Makarani walipewa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani: Mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno mazuri, ya hekima, nani atayapinga? Ila Nairobi haikufikiria kwamba mgeni mwenye fulana ya serikali akisimama mlangoni mwa mama pima, huyo ni polisi tu aliyebadilisha nguo.

Akidor angeweza kuyachukulia haya yote kwa mzaha, kama Serge. Alishindwa kwa sababu ya jambo moja. Siku ya mafunzo, pale Lodwar, Mike, mratibu aliyetumwa kutoka Nairobi, alilisema bila kuzunguka: wodi mpya za kutibu waraibu zitajengwa kule takwimu zitakakoonyesha. Kaunti yenye shida kubwa itapata vitanda, daktari na dawa, na kaunti isiyo na shida itapewa pongezi. Mike alisema mengine mengi siku hiyo, na biskuti zililetwa, lakini Akidor hakusikia tena kitu.

Alikuwa na ndugu yake, Ebenyo. Ebenyo aliwahi kuwa dereva Lokichar zama zile za mafuta, kijana mwenye gari la kampuni na miwani ya jua, anayewanunulia watu wa mtaa mzima mbuzi. Kisha visima vikanyamaza, wenye makoti ya rangi ya machungwa wakarudi kwao, na Ebenyo akarudi Lodwar kwa mama yao na kiu aliyoipata huko. Familia ilimpeleka Eldoret, kwenye kituo cha kurekebisha tabia, safari ya kuvunja mgongo, na akatoka huko amenenepa na anaimba kanisani. Lakini Lodwar hapakuwa na mtu wa kumfuatilia, na haukupita muda akaanza tena. Mwaka uliofuata akajaribu kuacha peke yake, kwa ubishi, na siku ya pili akaanguka degedege mbele ya mama yake, ulimi ukavuja damu. Daktari aliyempokea alimvuta Akidor kando akamwambia: huyu asiache ghafla tena nyumbani. Mwili wake umeshazoea. Akiacha bila kitanda na bila dawa, mtamzika.

Basi Akidor alikuwa akitafuta kitanda kimoja. Takwimu za taifa zilikuwa za Mike, na yeye alitaka kitanda cha ndugu yake, hapo Lodwar, mahali ambapo mama yao angeweza kwenda kwa miguu. Na kila mtu aliyesema "sinywi" huku akiyumba alikuwa anakivuta kile kitanda kukipeleka kaunti nyingine. Ndiyo maana alikuwa na hasira kiasi kile, hasira ya kumkasirikia hata mbuzi.

Aliyemfungua macho alikuwa mzee Esekon.

Walimkuta nyumbani kwake ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, amekaa juu ya ekicholong yake, kile kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukiwekea kichwa usiku. Jerotich akamsalimia, "Ejok," akajitambulisha, akasoma ile ahadi ya kutunza siri kama alivyofunzwa, kisha akauliza swali la kwanza. Mzee akatazama mlima. Akauliza la pili. Mzee akaendelea kutazama mlima. Hatimaye akamgeukia Akidor, ambaye alikuwa amesimama nyuma kama msimamizi.

"Wewe ni mtoto ya hapa?"

"Ndiyo, apa," Akidor akajibu, kwa neno la kumheshimu babu. "Kwetu ni Lodwar."

"Lodwar imeharibu wewe. Unakuja kuuliza mzee mambo ya tumbo yake, mkono iko tupu? Hata chifu akikuja hapa analeta etaba kwanza. Tunatafuna, tunatema, halafu tunaongea. Sasa nyinyi mnataka mimi nitoe maneno ya ndani na nyinyi hamjatoa kitu. Hiyo si kuuliza. Hiyo ni kupora."

Akidor alisikia masikio yakimwaka moto. Mkono mtupu haulambwi. Hilo analijua hata mtoto wa Kiswahili asiyejua Turkana iko upande gani wa ramani. Na yeye, Mturkana aliyekuwa akitumwa na babu yake dukani kununua tumbaku ya wageni, alikuwa amewapeleka makarani kwa wazee na chupa za maji na kalamu! Mafunzo ya Mike yalikuwa yamemfuta akili. Alimtuma Jerotich dukani papo hapo, na alipomkabidhi mzee tumbaku alitumia mikono miwili.

Esekon akatafuna. Akatema. Kisha akaongea mpaka kivuli kikahama. Alisema anakunywa chang'aa tangu ukame ulipomaliza ng'ombe wake, kwanza jioni, sasa asubuhi. Alisema wanawe wawili wanakunywa na mmoja hajui tena jina la mke wake. Alijibu kila swali, na pale ambapo dodoso liliishiwa na maswali, yeye mwenyewe aliendelea.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Makarani walibeba tumbaku mfukoni kama wengine wanavyobeba simu. Habari ikatangulia mbele yao kwamba wale watoto wa fulana za kijani wamepata adabu, na milango ikafunguka. Kambini, Serge alikaa na wazee wa Kisudani na wa Kikongo, wakatoa ya moyoni. Hata mama pima wa uji aliwaita warudi. Alimwambia Jerotich kwamba anapika kwa sababu hana kingine, na kwamba wakati wa njaa aliwalisha watoto machicha ya busaa, kwa kuwa ndicho chakula kilichokuwemo ndani ya nyumba. Sasa mtoto wake wa mwisho, ambaye bado hajaanza shule, hapati usingizi bila hayo machicha. Hulia na kujikuna usiku kucha. Mama yule alilia akisema, na Jerotich akalia akiandika.

Jioni ile Akidor aliziangalia takwimu zikipanda, na alifurahi. Ni furaha ya ajabu, mtu kufurahi kwamba kwao kunaugua. Lakini mgonjwa aliyepimwa homa akaonekana ana homa ana nafuu kuliko yule anayeambiwa yuko sawa huku anakufa.

Kisha Mike akapiga simu.

"Akidor, hongera, lakini nieleze kitu. Mbona Kakuma imepanda ghafla hivi? Wiki moja watakatifu, wiki ya pili walevi watupu?"

Angeweza kudanganya. Angesema makarani wamezoea, au wenyeji wamewaamini. Lakini alijivunia alichokifanya, na mtu anayejivunia huwa hana breki. Akamweleza habari ya Esekon, ekicholong, etaba na yote.

"Yaani mnawapa tumbaku?"

"Si kuwapa. Ni salamu."

"Akidor. Huu ni utafiti wa dawa za kulevya. Tumbaku imo humo humo kwenye dodoso, sehemu ya pili. Unamgawia mtu kilevi ili akuambie kama anatumia kilevi?"

"Bila hiyo hawasemi, Mike. Nani atamwambia mgeni siri yake bure?"

"Mimi nakuelewa, wallahi nakuelewa," Mike akasema, na cha kuudhi ni kwamba sauti yake ilionyesha anaelewa kweli. "Lakini kamati ya maadili haijui salamu. Wakisikia, wataitupilia mbali data ya kaunti nzima. Futeni mahojiano yote yaliyofanywa na tumbaku. Rudieni upya, mikono mitupu."

"Na yale ya mwanzo? Ya wale waliosema hawanywi?"

"Yale yabaki. Yalifuata utaratibu."

Akidor aliikata simu na kukaa chini palepale, juu ya mchanga, nje ya nyumba ya wageni. Uwongo umefuata utaratibu, basi ukae. Ukweli ulikuja na tumbaku mdomoni, basi ufutwe. Alitamani kuitupa simu lagani. Alitamani kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana, kwa sababu kila mtu katika jambo hili alikuwa na haki yake, na haki hizo zote zikiwekwa pamoja zilizaa upumbavu mtupu.

Aliwaita makarani wake akawaambia.

"Hata yule mama wa machicha?" Jerotich akauliza.

"Hata yeye."

"Madam, yule mama hakuniomba tumbaku. Nilimpa tu kwa heshima."

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Basi umeshasema ukweli. Futa."

Jerotich akafuta. Siku zilizofuata wakazunguka tena wakiwa mikono mitupu, na si vigumu kujua walikutana na nini. Esekon hakukubali hata kugeuza shingo. "Niliwapa maneno," alisema. "Mmepeleka wapi? Mtu akipoteza mbuzi yangu, mimi nampa ingine?" Mama wa uji aliwafungia mlango, alijisikia ameanikwa uchi bure. Serge akaacha kucheka. Walipomaliza Kakuma, ilikuwa imerudi kuwa mji wa watakatifu, tena sasa imekasirika, na Akidor alirudi Lodwar akiwa na tumaini moja tu lililobaki: kwamba huko mjini, kwa watu waliosoma, ukweli ungepatikana bila kutafunwa kwanza.

Nyumba za kuhojiwa zilichaguliwa na mashine, si na mtu. Mashine ikachagua mtaa wa Napetet, na humo Napetet ikachagua, miongoni mwa maboma mengine, boma la mama yake Akidor.

Kanuni ilisema karani asimhoji jamaa yake, na msimamizi asitie neno. Kwa hiyo aliingia Jerotich, na Akidor, aliyekuwa amepanga chumba chake ng'ambo ya mji, akakaa juu ya jerikani karibu na ukuta kama mgeni nyumbani kwao. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mama yake alikaa chini miguu imenyooka, shanga zimemjaa shingoni, fulana ya kanisa juu. Jerotich akamuuliza watu wazima wanaolala hapo ni nani.

"Ni mimi," mama akasema.

"Na mwingine?"

"Hakuna."

"Na kijana wako, mama? Ebenyo?" Jerotich akauliza; habari za Ebenyo alikuwa amezisikia kwa Akidor.

Mama hakumtazama Akidor. "Ebenyo iko Lokichar. Anafanya kazi."

Akidor aliuma midomo. Ndani ya nyumba ile ya makuti, hatua chache kutoka hapo, Ebenyo alikuwa akikohoa kikohozi ambacho mtaa mzima ulikijua. Mwezi mzima binti huyu alikuwa amewalaani waongo wa Kakuma, na sasa mwongo alikuwa ni mama aliyemzaa. Alitaka kupiga kelele: Mama, unakitupa kitanda chake! Lakini kanuni ilimfunga mdomo, na hata isingemfunga, alijua mama yake anaficha nini. Hakuficha chupa. Alificha mwana ambaye wanawake wa kanisa walikuwa wameacha kuuliza habari zake.

Makuti ya mlangoni yakasogezwa. Ebenyo akatoka akishikilia ukuta, shati limefungwa vibaya, macho mekundu, na akaketi chini mbele ya Jerotich polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mzigo wa mayai.

"Mimi ndiye Ebenyo," alisema. "Sina kazi Lokichar. Niulize."

Kishikwambi kikachagua mmoja kati ya watu wazima wawili, na kikamchagua yeye. Jerotich akauliza, naye akajibu yote. Anakunywa nini: chang'aa. Anaanza saa ngapi: akifungua macho. Amejaribu kuacha? Amejaribu. Ilikuwaje? Akasimulia Eldoret, kwaya, degedege, damu. Hakuomba tumbaku wala kitu chochote. Mama yake alifunika uso kwa shuka, na Akidor akasogeza jerikani yake karibu. Hatimaye mtu mmoja! Mtu mmoja tu katika kaunti nzima, anayesema ukweli mchana kweupe, bure, na mashine inaandika.

Jerotich akafika mwisho, akaacha kubonyeza.

"Kuna nini?" Akidor akauliza.

"Swali langu mimi, madam. La karani." Akamgeuzia kishikwambi. Je, wakati wa mahojiano mhojiwa alikuwa amelewa? "Nikibonyeza ndiyo, mahojiano yanajifunga. Mtu aliyelewa hawezi kutoa ridhaa. Inatakiwa nirudi akiwa hajanywa."

"Hajanywa lini? Akiacha anaanguka!"

"Najua."

"Daktari alisema asiache mpaka awe na kitanda. Na kitanda hakiji mpaka ahesabiwe. Sasa ahesabiwe vipi, Jerotich? Niambie wewe!"

Akidor alimnyang'anya kishikwambi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya hapana. Nani angejua? Ebenyo alikuwa ameongea vizuri kuliko wengi walio wazima. Lakini aliinua macho, akakutana na macho ya Jerotich, yule aliyefutishwa mama wa machicha kwa sababu alisema ukweli, na kidole kikakataa kushuka.

"Wanauliza nini?" Ebenyo akasema.

"Kama umelewa."

"Kwani si nimelewa?" Alishangaa kabisa. "Andika ndiyo, dada. Si hao ndio mnatafuta?"

Akidor akabonyeza ndiyo. Mashine ikafikiri kidogo, ikafuta ukurasa, ikaandika mstari mmoja: Mhojiwa hakupatikana.

"Wameandika nini?"

Alimwambia. Hakuwa na nguvu za kubuni kingine.

Ebenyo aliutazama mstari ule, akazitazama na nyayo zake mwenyewe zilizokuwa mchangani mbele yake. "Lakini niko hapa," alisema.

"Basi ingebaki tu vile nilivyosema, yuko Lokichar," mama akasema kutoka ndani ya shuka, na sauti yake ilikuwa imechoka, haina lawama.

Jerotich akakusanya vitu vyake na kutoka taratibu. Jua lilikuwa limepanda, na mikono ya Ebenyo ilianza ile kazi yake ya kutetemeka, kwanza vidole, kisha viganja, kisha mabega. Akajaribu kuikalia. Mama yake aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati chenye nusu ya chang'aa, akakiweka chini kati yao, akageuza uso. Ebenyo alikishika, kikagonga meno, nusu ikamwagika kwenye shati, na akaanza kulia kwa haya mbele ya dada yake.

Akidor akapiga magoti mchangani akiwa na fulana yake ya kijani. Akamshika ndugu yake kisogoni kwa mkono mmoja kama anavyoshikwa mtoto mchanga, na kwa mkono wa pili akamshikia kikombe mpaka akakimaliza.